Kutafuta vipuri vya Morris Minor ukiwa Unguja

Ukiingia duka la vipuri hapa mjini na kumwambia muuzaji kwamba unatafuta mipira ya breki (ile vikombe vya mpira vinavyozuia mafuta ndani ya silinda) ya gari la Morris Minor, atacheka kwanza, kisha atakuuliza kama huna Toyota. Simlaumu, maana gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 1948 na kiwanda kiliacha kuliunda mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla muuzaji mwenyewe hajazaliwa. Hata hivyo, katika miaka yote ya kufufua magari ya zamani kwenye gereji yangu ya Amani, vipuri vilivyonishinda kabisa ni vichache, na sababu ni kwamba niliacha kuuliza kwa jina la gari. Nauliza kwa jina la aliyetengeneza kipuri, kwa namba iliyopigwa juu yake na, vyote viwili vikikosekana, kwa kipimo.

Viwanda vya magari vya Uingereza wakati ule havikuunda kila kitu vyenyewe. Breki za Minor ni za Lockheed, umeme ni wa Lucas na kabureta ni ya SU, na watengenezaji hao hao waliviuzia viwanda vya Austin na MG. Injini nayo ina ukoo mkubwa: ile iliyoingia kwenye Minor mwaka 1952 ikiwa na ukubwa wa 803 cc, ikafikia 948 mwaka 1956 na 1098 mwaka 1962, ni ya ukoo uliotumika katika Austin A35, MG Midget na Mini, na Mini ya zamani iliendelea kuundwa hadi mwaka 2000. Ndiyo maana gasketi, vali na pampu za maji za ukoo huu zinatengenezwa upya mpaka leo. Lakini kuwa wa ukoo mmoja si kuvaa kanzu moja. Injini ya Mini imewekwa kukingama, kutoka ubavu hadi ubavu wa gari, na giaboksi iko chini yake, kwa hiyo mtu akikuuzia bloku, yaani mwili wa injini, ya Mini kwa ajili ya Minor yako, amekuuzia chuma chakavu.

Kabla ya kuagiza chochote, hakikisha unajua ulicho nacho, kwani gari lililoishi Zanzibar miaka 60 limekwisha kubadilishiwa viungo mara nyingi kuliko mwenyewe anavyokumbuka. Mimi niliwahi kuamini kadi ya gari iliyosema 948, nikaagiza ringi za pistoni kutoka Uingereza, nikangoja wiki tano, na nilipozishika juu ya silinda zikapwaya. Niliposugua grisi kwenye kibati cha injini nikaona namba inayoanza na 10MA, ambayo ni alama ya 1098. Ile ya 948 huanza na 9M. Silinda ya 948 ina kipenyo cha karibu milimita 62.9, ya 1098 ni 64.6. Siku hizi nafungua kichwa cha injini kwanza na kusoma juu ya pistoni, maana injini iliyokwisha kukerezwa huwa na pistoni zilizopigwa namba kama 020 au 040, yaani sehemu ngapi za elfu ya inchi zimeongezwa.

Breki ndiyo sehemu ninayoipa muda mrefu zaidi. Silinda mama ya Minor, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, imejificha ndani ya mhimili wa chasi, chini ya miguu ya dereva, na boliti zake hazitoki mpaka usogeze fito ya springi (fimbo ya chuma inayojisokota kufanya kazi ya springi) iliyopita ubavuni mwake. Ni kazi ya siku nzima, na hakuna anayependa kuirudia. Mzee mmoja wa Malindi, aliyerithi gari la babake, aliniletea mipira aliyonunua mwenyewe na kuniambia, "Mwanangu, mpira si mpira?" Nilipopima silinda yake kwa kalipa ya kupimia vipenyo nikapata milimita 22.2, ambayo ni inchi 7/8. Mpira wake ulikuwa wa 21. Ungeingia bila tabu, na huo ndio ubaya wake, kwa sababu pedali ingeonekana nzuri siku ya kwanza na kuzama mpaka sakafuni siku anateremka kwenye mteremko. Ajabu ni kwamba silinda nyingi za magari ya Kijapani nazo zinafuata vipande vya inchi, ila zimeandikwa kwa milimita: 20.64 ni inchi 13/16 na 22.22 ni 7/8. Hata hivyo kipenyo peke yake hakitoshi; linganisha unene wa mdomo wa mpira na kina cha mfereji unamokaa. Silinda ikiwa imeliwa na kutu, naipeleka kwa mkerezaji aitie bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, kwa kipimo kile kile cha mwanzo, na mipira ya aina ile ile ya kiwandani nikaagiza kwa posta kwa sababu ni myepesi.

Boliti zinawatia hasara mafundi wengi. Boliti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na ya milimita 8 ukiiweka pembeni mwake jicho halioni tofauti. Nati ya milimita 8 huingia kwenye boliti hiyo mizunguko miwili mitatu kisha ikakaza, kwa kuwa hesi, yaani mifuo ya kuzungushia, za ile ya Kiingereza ziko 24 katika inchi moja na za milimita 8 zimeachana kwa milimita 1.25. Hapo kijana huongeza nguvu ya spana, akaharibu hesi za boliti. Nati isipoingia kwa vidole, haiingii.

Beringi na sili (pete za mpira za kuzuia mafuta yasivuje) hazinipi shida, kwa kuwa namba zao ni za dunia nzima. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25 na duara la nje la 52, iwe imetoka kwenye gari, pampu ya maji au mashine ya kusaga, na sili huandikwa vipimo vyake vitatu usoni.

Kwenye umeme kuna mtego mmoja. Minor zilitoka kiwandani upande wa chanya wa betri ukiwa umefungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya sasa, na altaneta ya Kijapani, kile kifaa cha kuchaji betri, ukiifunga bila kugeuza betri itaungua hapo hapo.

Bati siagizi. Paneli ni kubwa, nauli yake hula bei ya gari, na hewa ya chumvi ya Mji Mkongwe haichagui bati la Uingereza wala la hapa. Fundi bati wangu hukata bati la geji 18, lenye unene wa milimita 1.2, akalehemu sakafu. Pahala pamoja tu simruhusu kubahatisha: mhimili wa kati chini ya viti vya mbele, ambapo fito za springi zimeshikiliwa. Ukiona pameshika kutu, acha kutafuta kabureta na uanze hapo.

Kipuri kibovu sikitupi mpaka kipya kimefungwa na gari limetembea hadi Fumba na kurudi. Vyangu vinakaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila kopo lina jina la mwenye gari, na la mzee wa Malindi bado liko rafuni.