Je, wajua kwa nini Kano, jimbo la kaskazini mwa Nigeria, iliikataa chanjo ya polio mwaka 2003, kisha ikaipokea 2004?

Kwa miaka mingi swali hili nilikuwa nalijibu bila kufikiri. Mashehe wa kaskazini mwa Nigeria, nikisema, waliona kuna kitu haramu ndani ya yale matone. Akatokea mwanachuoni mkubwa akatoa fatwa, yakaisha. Ni jibu fupi na linakumbukika kirahisi. Kasoro yake ni kwamba halina ukweli, si mwanzoni wala mwishoni.

Yaliyotokea, kwa ufupi: mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini yalisimamisha kampeni ya chanjo ya polio. Kano ndiyo iliyoshikilia msimamo kwa muda mrefu zaidi, ikarejea Julai 2004. Mwaka 2002 Nigeria ilikuwa na wagonjwa 202. Mwaka 2004 walifika 782. Virusi kutoka huko vikavuka mipaka na kuzuka upya katika nchi zipatazo 20 zilizokuwa zimekwisha kupumua.

Sasa nirudi kwenye lile neno "haramu", maana ndilo lililonipoteza. Mjadala wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, kuhusu chanjo upo kweli. Virusi vya chanjo hukuzwa ndani ya seli hai, na kuzibandua seli hizo kwenye chombo zilimooteshwa, watengenezaji wengine hutumia tripsini, kimeng'enya ambacho mara nyingi kilitolewa kwenye kongosho la nguruwe. Baadaye huoshwa na kuchujwa. Chanjo nyingine chache hutiwa jelatini, nayo aghalabu ni ya nguruwe, ili zisiharibike. Maulamaa hawakulala: mwaka 1995 Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, yenye makao yake Kuwait, ilikusanya wanavyuoni wakaamua kwamba jelatini iliyokwisha kugeuka kabisa si najisi tena, kama vile khamri inavyogeuka siki. Hii ndiyo istihala. Madhehebu ya Shafii ni mazito kidogo katika kuipanua istihala kiasi hicho, lakini hata huko upo mlango wa pili, wa dharura. Na mwaka 2003 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti liliulizwa kuhusu matone ya polio na tripsini yake, likajibu kwamba yanaruhusiwa.

Angalia mwaka huo. Kano ilipokuwa inafunga mlango, swali la haramu lilikuwa limekwisha jibiwa. Tatizo ni kwamba si swali walilokuwa wanauliza.

Walichosema Kano ni kwamba matone yametiwa homoni za kuwafunga uzazi wasichana, au virusi vya Ukimwi. Hayakuwa kweli. Lakini tazama ni madai ya aina gani: hayazungumzii najisi, yanazungumzia khiana. Mmoja wa wapinzani waliosikika sana, Datti Ahmed, aliyekuwa rais wa Baraza Kuu la Sharia nchini Nigeria, alikuwa daktari wa tiba. Hapo ndipo jibu langu la zamani lilipoanza kunitia haya.

Njia nzuri ya kulielewa jambo hili, kwa maoni yangu, imo kwenye elimu ambayo mashehe wenyewe wamesomea. Kila hadithi ina sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi: fulani kaipokea kwa fulani, naye kwa fulani. Maneno yanaweza kuwa mazuri, hata yakakuliza. Lakini katikati ya mnyororo akitokea mtu anayejulikana kwa uongo, riwaya hiyo haishikwi. Na kinyume chake: maneno yale yale yakija kwa njia nyingine, kwa wapokezi waaminifu, yanapokelewa. Hakuna herufi iliyobadilika. Kilichobadilika ni nani kayaleta.

Fatwa ya tripsini ilitetea matini. Kano ilikuwa inatilia shaka sanadi.

Na shaka haikuzuka hewani. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya majaribio ya dawa iitwayo Trovan kwa watoto 200 mjini Kano: nusu walipewa dawa hiyo, nusu dawa nyingine. Watoto 11 walifariki. Kampuni ilisema waliuawa na ugonjwa, si na dawa. Kesi zikafuata, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kuimaliza ile ya jimbo la Kano. Mzazi wa Kano wa mwaka 2003 hakuhitaji kusoma gazeti ili ajue habari hiyo. Kwake, mpokezi mmoja katika mnyororo wa "dawa ya bure kutoka ng'ambo" alikuwa ameshaharibu jina.

Kwa hiyo dawa ya mgogoro ilikuwa kubadilisha njia. Jimbo likakubali matone yaliyotengenezwa na Bio Farma, kiwanda cha serikali ya Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nyingine yoyote. Kampeni ilipofunguliwa tena, gavana Ibrahim Shekarau alimtoa mtoto wake mwenyewe achanjwe hadharani. Chanjo ilibaki ile ile.

Mwisho wa mnyororo yuko mtu wa karibu kabisa: imamu wa mtaa. Ndiye aliyemsomea dua mtoto siku ya kupewa jina, ndiye aliyemzika babu yake. Akisema wanawe wamechanjwa, mama mlangoni anapokea habari kwa mtu anayemjua. Kuanzia mwaka 2009 watawala wa jadi wa kaskazini, chini ya Sultani wa Sokoto, waliunda kamati ya kusimamia kazi hii hadi ngazi ya mtaa. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Nigeria alipatikana mwaka 2016, na Agosti 2020 Afrika ikatangazwa huru kutokana na polio hiyo.

Nisizidishe chumvi, lakini. Miaka hiyo hiyo ramani za makazi ziliboreshwa, wachanjaji wanawake waliongezwa ili waweze kuingia ndani ya nyumba, na fedha nyingi zilimwagwa. Kupima ni kiasi gani kati ya ushindi huo ni cha maimamu peke yao ni kama kuuliza ni kipande gani cha kuni kilichochemsha maji.

Na sanadi safi nayo haitoshi kila mahali. Mwaka 2018 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa kuhusu chanjo ya surua na rubela iliyoagizwa kutoka India: ina asili ya nguruwe, kwa hiyo ni haramu, lakini inaruhusiwa kwa dharura kwa kuwa mbadala halali haupo. Kisheria ni fatwa iliyopangika vizuri. Sokoni, watu wengi walisikia "haramu" wakaondoka kabla ya "lakini", na katika mkoa wa Aceh kampeni ilidorora vibaya. Hapo tatizo lilikuwa matini kweli, na jibu langu la zamani lingefaa, ila kwa nchi nyingine na mwaka mwingine.

Indonesia hiyo hiyo ina kioja kimoja zaidi. Mwaka 2005, baada ya miaka kumi bila polio, ugonjwa ulizuka tena huko na kuwapooza watoto zaidi ya 300. Vinasaba vya virusi vilifuatiliwa, vikaonyesha asili yake ni kaskazini mwa Nigeria. Mtoto wa kwanza kugunduliwa alikuwa wa Sukabumi, Java Magharibi: mkoa ule ule kilipo kiwanda cha Bio Farma.