Hibakusha ni nani hasa?

Kila ikifika Agosti hili neno hibakusha linarudi kwenye habari, mtangazaji analitafsiri fasta "manusura wa bomu la atomiki" halafu huyo anahamia kwenye bei ya mafuta. Sio uongo ila tafsiri imepungua, tena sana.

Neno ni la Kijapani na lina vipande vitatu, hi ni kupatwa na jambo, baku ni mlipuko, sha ni mtu. Yani mtu aliyepatwa na mlipuko, basi. Halisemi kama alipona. Sisi tukisema manusura tunamaanisha balaa limepita na huyu kabaki, lakini kwa hawa balaa halikupita, liliingia mwilini likakaa.

Hiroshima ilikuwa tarehe 6 Agosti 1945 saa mbili na robo asubuhi, watu wako njiani kwenda kazini, bomu la atomiki la Marekani likalipuka hewani kama mita 600 juu ya mji. Kuna ngazi ya mawe ya benki iliyokuwa mita 260 tu kutoka pale, mtu alikuwa amekaa hapo, inaaminika alikuwa anasubiri benki ifunguliwe, mwanga ukababua jiwe lote likapauka isipokuwa pale alipokaa yeye, pakabaki doa jeusi. Ile ngazi waliikata wakaipeleka makumbusho na doa bado lipo. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Nagasaki, saa tano na dakika mbili asubuhi, ambayo hata haikuwa ya kwanza kwenye orodha siku hiyo, ndege ilitumwa Kokura ikakuta haioni chini kwa mawingu na moshi ikageuza. Mpaka mwaka 1945 unaisha inakadiriwa walikuwa wamekufa kama 140,000 Hiroshima na 74,000 Nagasaki.

Sasa kilichowachanganya watu ni wale wasio na hata mchubuko. Mtu yuko salama kabisa, baada ya siku kadhaa nywele zinatoka kwa vishungi, fizi zinavuja damu, madoa ya zambarau mwilini, anakufa, ni mionzi ya bomu hiyo. Na wengine wakaja kuumwa miaka mingi baadaye, kama yule mtoto Sadako Sasaki, bomu lilimkuta ana miaka 2, akafa kwa saratani ya damu mwaka 1955 akiwa na miaka 12, ndiye yule aliyekuwa anakunja ndege korongo wa karatasi hospitalini akitumaini kupona.

Ndo maana hibakusha ikabidi iwe neno la kisheria. Mwaka 1957, miaka 12 nzima baadaye, Japani ikapitisha sheria ya matibabu na wahusika wakaanza kupewa kijitabu maalum cha afya. Anayekipata ni aliyekuwepo mjini siku ile, au aliyeingia ndani ya wiki mbili akafika kama kilomita 2 kutoka kitovu cha mlipuko akitafuta ndugu zake, au aliyehudumia majeruhi na kuzika maiti, au aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake. Na lazima uthibitishe, sijui unathibitishaje ulikuwa wapi kwenye mji ambao majirani zako wote wamekufa. Tsutomu Yamaguchi alikuwa Hiroshima kikazi, akaungua, akapanda treni kurudi kwao Nagasaki, tarehe 9 yuko ofisini anamweleza bosi wake na bosi anabisha eti bomu moja haliwezi kumaliza mji, mara mwanga uleule huo dirishani. Serikali ilikuja kumtambua kwa miji yote miwili mwaka 2009, akafariki Januari 2010 ana miaka 93.

Na wengi wenye kijitabu walikificha. Ukijulikana wewe ni hibakusha posa inavunjika, wazazi wa upande wa pili wanaogopa utazaa mtoto mgonjwa, kazi nayo unanyimwa. Wakorea ndo kabisa, maana Korea ilikuwa koloni la Japani na maelfu yao walikuwa kwenye ile miji, waliorudi kwao wakanyimwa haki za kile kijitabu kwa miaka mingi. Walionyeshewa ile mvua nyeusi, yani mvua yenye masizi na mionzi iliyonyesha baada ya mlipuko, nje ya mipaka iliyowekwa na serikali wameshinda kesi mwaka 2021, juzi tu hapo!

Wenye vijitabu mwaka 2025 walishuka chini ya 100,000 kwa mara ya kwanza, wastani wa umri ulikuwa miaka 86. Chama chao, Nihon Hidankyo, kilipewa Nobel ya Amani mwaka 2024.

Kuna kitu kingine kwenye hili neno. Kwa maandishi ya Kijapani kuna baku ya pili, inasikika vilevile ila maana yake ni kupatwa na mionzi, bila mlipuko, hiyo wanaitumia kwa mfano kwa watu wa visiwa vya majaribio ya mabomu. Na uraniamu nyingi ya ule mradi wa Marekani wa kutengeneza haya mabomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi, huko Kongo wanakoongea Kiswahili kama sisi, na waliochimba na kupanga yale mawe walikuwa wanayashika kwa mikono. Kwenye sheria ya 1957 hawamo, ila kwa hii baku ya pili mchimbaji wa Shinkolobwe naye ni hibakusha, kijitabu tu ndo hana.