Tango chotara: soma pakiti kabla hujachimba shimo

Mara ya kwanza kupanda tango chotara nyuma ya nyumba, nilifungua pakiti nikakuta mbegu za rangi mbili. Karibu zote zilikuwa za kijani, ila tano au sita zilikuwa za waridi. Nikajiambia hizi za waridi zimechanganyika kwa bahati mbaya, nikazitupa. Wakati huo nilikuwa nimeshahitimu masomo ya kilimo cha mboga, kwa hiyo sina hata pa kujifichia.

Miche ikatoka vizuri, ikapanda kamba kwa fujo, ikajaa maua ya kike toka chini mpaka juu, kila ua na kitango chake mgongoni. Nyuki walikuja wakaondoka. Siku chache baadaye vitango vikaanza kugeuka njano vikiwa na urefu wa kidole, vikasinyaa, vikaanguka kimoja kimoja. Zile mbegu za waridi ndizo zilizokuwa na madume, yaani maua ya kiume yenye chavua, ule unga wa kurutubisha maua ya kike.

Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za kupanda tango chotara bustanini, swali langu la kwanza si udongo wala mbolea. Humwuliza pakiti inasema nini.

Neno chotara lenyewe huwatia watu wasiwasi, wakidhani ni mmea uliopandikizwa vinasaba vya kigeni. Sivyo. Mzalishaji wa mbegu huchukua ukoo mmoja wa matango na kuuchavusha wenyewe kwa wenyewe kizazi baada ya kizazi, mpaka watoto wote wawe sawa na mzazi. Anao na ukoo mwingine uliopitishwa njia hiyohiyo. Kisha huchukua chavua ya huu na kuipeleka kwenye maua ya kike ya ule. Mbegu inayozaliwa hapo ndiyo inayoandikwa F1, yaani kizazi cha kwanza. Mimea yake hufanana kama pacha, huwa na nguvu, na hubeba sifa za pande zote mbili, mathalani umbo zuri kutoka kwa mzazi mmoja na ukinzani wa ugonjwa kutoka kwa mwingine. Kazi ya kuchavusha hivyo hurudiwa kila msimu, ndiyo sababu mbegu hizi ni ghali kuliko za kawaida.

Kuna jambo moja linalonifurahisha hapa, ingawa mkulima wa nyumbani halimhusu sana. Baadhi ya koo hizo hutoa maua ya kike matupu. Sasa ukoo usio na dume unaendelezwaje? Wazalishaji huunyunyizia jibereli, homoni ya mimea, au dawa yenye madini ya fedha, na ule mmea wa kike hutoa maua ya kiume kwa muda. Jinsia ya ua la tango haijajengwa kwa zege. Hata joto kali na siku ndefu huusukuma mmea wa kawaida kuelekea madume, na ubaridi kidogo pamoja na siku fupi huurudisha kwenye majike.

Turudi kwenye pakiti. Matango chotara yako ya namna tatu, na kila namna ina masharti yake.

Ya kwanza hutoa maua ya kiume na ya kike kwenye mmea mmoja, kama tango la asili. Haya yanahitaji nyuki. Madume hutangulia, wakati mwingine kwa wiki nzima au zaidi, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakiona maua yanaanguka bila kuacha kitu. Ua dume kazi yake ni kuanguka. Subiri.

Ya pili ni kama ile yangu: karibu maua yote ni ya kike lakini bado yanahitaji chavua. Muuzaji huchanganya humo mbegu chache za aina yenye madume, mara nyingi kama moja katika kila kumi, na kuzipaka rangi tofauti ili uzitambue. Angalizo: mbegu zote kuwa na rangi moja, hata kama ni ya kung'aa, kwa kawaida maana yake zimepakwa dawa ya ukungu. Ni zile chache za rangi ya peke yake unazopaswa kuzilinda. Zipande katikati ya zile nyingine na uweke alama.

Ya tatu huzaa bila kuchavushwa kabisa, na tunda halina mbegu au lina maganda laini tu ya mbegu. Hii ndiyo ninayompendekezea mtu mwenye kibaraza, banda la wavu, au sehemu ambayo nyuki hawafiki. Lakini ina kisirani chake. Nyuki akileta chavua kutoka kwenye matango ya jirani, tunda linaweza kuanza kutunga mbegu upande mmoja na kuvimba kama rungu. Usiipande ubavuni mwa aina zenye madume kisha ukalalamika kuhusu maumbo.

Pakiti ikiwa kimya, mmea wenyewe utasema. Chagua maua ya kike matatu au manne yatakayofunguka kesho, yaani yale ambayo njano imeanza kuchungulia. Yafunike kwa vifuko vya kitambaa chepesi, ukayafunue yakishanyauka. Baada ya wiki, vitango vikiwa vinanenepa, unayo aina ya tatu. Vikiwa vimegeuka njano vyote, unahitaji nyuki, au kidole chako. Kuchavusha kwa mkono ni kazi ya asubuhi: chuma ua dume lililofunguka siku hiyohiyo, ling'oe petali, ulipake taratibu katikati ya ua jike. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Ua likishafungwa jioni, nafasi imekwisha. Tunda lililopata chavua pungufu hujikunja au hubaki jembamba mwishoni.

Upandaji wenyewe hauna mengi. Tango hutaka udongo wenye joto. Chini ya nyuzi 16 za Selsiasi mbegu huoza badala ya kuota, na kati ya 25 na 30 huchomoza ndani ya siku chache. Kina cha sentimita 2 kinatosha. Changanya mboji au samadi iliyoiva sawasawa, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Ukipenda kuanzia kitaluni, tumia viriba au vikombe, mche mmoja kila kimoja, na uhamishe ukiwa na majani halisi mawili au matatu bila kuvunja donge la udongo. Mizizi ya tango haisahau kung'olewa. Kati ya mche na mche acha sentimita 30 hadi 45 ikiwa mimea itapanda kamba. Anayetumia ndoo, mmea mmoja kwa ndoo ya lita 20 yenye matundu chini. Nimeona mitatu ikibanwa kwenye ndoo moja, na matango yaliyotoka yote kwa pamoja hayakufikia ya mmoja uliokaa peke yake.

Sasa upogoleaji, ambako ndiko ninakoona makosa mengi kuliko mahali pengine popote. Mtu husikia kwamba tango hukatwa machipukizi yote ya pembeni na kuachwa shina moja, anafanya hivyo, kisha anashangaa mbona hazai. Ushauri huo ni wa aina ya tatu, na mara nyingi wa aina ya pili. Hizo huzaa kwenye shina kuu, karibu kila kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina) na tunda lake, kwa hiyo kukata machipukizi hupeleka nguvu panapotakiwa. Kwenye vifundo vinne au vitano vya chini, mimi huondoa na vitango vyenyewe pia. Inauma, najua. Ila mmea unaobebeshwa mimba ukiwa na urefu wa goti hudumaa, na kile kitango cha kwanza ulichokionea huruma hukugharimu kumi vya baadaye.

Aina ya kwanza ni kinyume chake. Shina lake kuu hujaa madume, na majike hukaa zaidi kwenye matawi ya pembeni. Ukiyakata hayo umetupa mavuno. Kwa hizi mimi huondoa machipukizi ya chini kabisa tu, yale yanayogusa udongo, ili hewa ipite. Tawi la pembeni likishashika matunda mawili, nalikata ncha jani moja au mawili mbele yake, basi.

Kamba au wavu uweke siku unayopanda. Ukisubiri mmea urefuke utatoboa mizizi kwa nguzo zako. Aina ya shina moja naizungushia kamba iliyoning'inizwa kutoka juu, nikiisogeza kila baada ya siku mbili tatu. Tango lililoning'inia hunyooka kwa uzito wake. Lililolala chini hujikunja, na upande uliolalia udongo hubaki mweupe, tena huoza upesi.

Maji ni habari ya uchungu, na nasema uchungu wa mdomoni. Mizizi ya tango iko juujuu na tunda lenyewe ni maji kwa takriban asilimia 95. Mmea ukikaushwa leo na kufurikishwa keshokutwa, huongeza kukabitasini, kemikali chungu ambayo kwa kawaida hukaa kwenye majani na mashina kama ngao dhidi ya wadudu. Hiyo ndiyo huingia kwenye tunda, hasa upande wa kikonyo na chini ya ganda. Lile zoezi la kukata ncha na kuisugua mpaka povu litoke halinyonyi uchungu kutoka ndani ya tunda. Unachofaidi ni kwamba umekata sehemu iliyokuwa chungu zaidi. Tango chungu sana usijilazimishe kulila, litakuvuruga tumbo. Zipo aina chotara zilizochaguliwa zisiwe na uchungu, na ikiwa unajijua kuwa ni mtu wa kusahau kumwagilia, tafuta hizo. Kwa nyingine zote, weka matandazo ya majani makavu yenye unene wa vidole vitatu hivi, na mwagilia kidogo kidogo lakini kila mara, asubuhi, kwenye shina na si juu ya majani. Ndoo kipindi cha joto hutaka maji mara mbili kwa siku.

Mbolea, nitasema moja tu: naitrojeni ikizidi utapata majani mapana ya kujivunia na matunda ya kuhesabu. Mmea ukianza maua, egemea kwenye potasiamu.

Kisha kuna herufi ndogo nyuma ya pakiti ambazo karibu kila mtu huziruka. Ndizo ulizozilipia. HR ni ukinzani wa juu, IR ni ukinzani wa kadiri, yaani ugonjwa unaweza kuingia ila utasuasua. CMV ni kirusi cha batobato la tango, kinachosambazwa na vidukari. Px ni ubwiri unga, Pcu ni ubwiri vinyoya. Ukinzani wa ugonjwa mmoja hauhakikishi ukinzani wa mwingine, kwa hiyo neno "sugu" peke yake kwenye picha ya mbele halina maana. Huo ubwiri wa namna mbili watu huuchanganya kila siku. Ubwiri unga ni kama mtu kamwagia unga mweupe juu ya jani, na hauhitaji jani kulowa ili uanze. Ubwiri vinyoya huleta mabaka ya njano yenye pembe, yaliyozuiwa na mishipa ya jani, na ukiligeuza jani asubuhi unaona vinyoya vya kijivu chini yake. Huu hutaka unyevu juu ya majani, na huenda kasi ya kutisha. Jani la kwanza likionyesha dalili hiyo litoe bustanini siku hiyohiyo, usilitupe kwenye mboji.

Mavuno huanza takriban siku 45 hadi 60 toka kupanda mbegu, kutegemea aina na joto. Kata kwa kisu au mkasi, usivute. Pita kila siku, au angalau kila baada ya siku moja, ukifunua majani, kwa sababu tango hujificha kwa ustadi. Hasa kwenye aina zenye mbegu, moja tu likiachwa likakomaa na kuwa njano, mmea huona kazi yake imekamilika na hupunguza kutoa mengine.

Na hapo ndipo swali la mwisho huja: je, hilo lililokomaa siwezi kutoa mbegu nikapanda? Aina ya tatu haitakupa mbegu za maana. Mbili za kwanza zitakupa, na zitaota. Nilijaribu mwaka mmoja kwa udadisi, mbegu za tango moja, miche kumi na miwili. Mmoja ulizaa matango yanayokaribiana na ya mama yake. Miwili ilizaa mafupi ya mviringo yenye miiba. Mmoja ulikuwa mchungu hata nilipoumwagilia bila kukosa siku. Mingine ilishikwa na ubwiri unga wiki ileile, ingawa mama yao alisimama mwaka uliopita bila doa. Sifa zilizokusanywa kwenye F1 hutawanyika tena kwenye kizazi kinachofuata, kila mche ukichota mafungu yake. Kwa kudadisi ni raha tupu. Kwa kutegemea mboga, nunua pakiti nyingine, na uihesabu kabla ya kupanda uone kama humo ndani mna za waridi.