Meseji ya kukumbusha kipimo cha utumbo inamfaa nani hasa

Assalaam alaykum jamani, wengi mnaniuliza hizi meseji za kukumbusha watu wapime kansa ya utumbo mpana zinasaidia kweli au ni kumaliza salio tu. Zinasaidia, lakini si kila mtu.

Uingereza ukifika umri, siku hizi miaka 50 mpaka 74, unapelekewa kipimo nyumbani kwa posta kila miaka 2. Kichupa kidogo, kijiti kimeshikana na kifuniko, unachokoa choo kidogo tu, unakirudisha ndani, unaandika tarehe unakituma, maabara wanatafuta damu ambayo jicho haliioni. Wengi wanakipokea wanakitia kabatini basi. Sasa London, enzi za kile kipimo cha zamani cha kupaka choo kwenye kadi, walichukua watu 8,269 ambao wiki 8 zimepita hawajarudisha, nusu wakapelekewa meseji nusu wakaachwa. Ukiwahesabu wote tofauti karibu hakuna, asilimia 40.5 kwa 39.9, ila walioitwa kwa mara ya kwanza ndo mambo yanabadilika, waliopata meseji wakarudisha asilimia 40.5 na wasiopata 34.9. Mie naona meseji inamuamsha aliyesahau au anayeahirisha, yule aliyekwisha kukataa mara mbili tatu huyo anataka mtu wa kukaa nae kitako wazungumze.

Sasa huku kwetu. Posta ya kugonga kila mlango hatuna, kichupa itabidi kitolewe kituo cha afya, na meseji ije baadae. Na simu ya bibi wa Micheweni, kule Pemba, anaesoma ni mjukuu, au ipo kwa mwanawe shamba, kwa hiyo tafadhalini sana neno kansa lisiwemo, choo lisiwemo, na majibu ndo kabisa yasipite humo. Ingekuwa mie ningeandika hivi: "Bi Mkubwa, ile kazi tuloagana kituoni tunaisubiri, njoo nayo Jumatatu asubuhi." Inatosha, mwenyewe anajua.

Na muwaambie mapema, majibu yakionesha damu si lazima iwe kansa, hata bawasiri inatoa damu, ila inabidi utumbo uangaliwe kwa kamera. Kipimo hichi ni cha mtu asie na dalili. Wewe unaeona damu chooni, au choo kimebadilika wiki kadhaa na mwili unapungua, usijipe jina la bawasiri mwenyewe ukanunua dawa ya kupaka, usingoje meseji ya mtu, nenda kwa daktari wiki hii hii.