Vipimo vya afya kwa walimu wanaotafuta kazi nje: yanayokwamisha vibali na namna ya kuyaepuka

Shule nyingi za nchi za Ghuba hufungua mwaka wa masomo mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kwa hivyo katikati ya mwaka walimu wa Mombasa, Kwale na Kilifi huanza kumiminika wakitafuta vipimo vya afya kwa ajili ya viza na vibali vya kazi. Malalamiko nayo huja na msimu huo huo: ripoti imekataliwa, mwalimu amelipia vipimo mara mbili, ajenti hashiki simu, nafasi imepewa mtu mwingine. Mengi ya malalamiko hayo yasingekuwepo lau utaratibu ungefuatwa, ndiyo sababu tunaueleza hapa kwa urefu.

Hakuna cheti cha afya cha "kwenda nje" kwa jumla. Kila nchi ina orodha yake ya vipimo, fomu yake na vituo inavyovitambua. Fomu ya GP 69 uliyojaziwa na daktari ulipoajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, haina kazi yoyote katika ubalozi wa nchi nyingine, hata kama ina muhuri wa hospitali ya serikali na iliandikwa mwezi uliopita. Hili tumelisema mara nyingi.

Tuanze na Ghuba. Watu bado husema "kupima Gamca", lakini mfumo wa sasa unaitwa Wafid na uko chini ya Baraza la Afya la nchi za Ghuba. Miadi huwekwa mtandaoni. Unajaza jina, namba ya pasipoti, nchi unayokwenda na kazi utakayofanya, unalipa, kisha unapata karatasi yenye jina la kituo. Kituo hicho ndicho pekee unachoweza kupimwa kwa miadi hiyo. Ukienda kwingine, hata kama kipo katika orodha, matokeo hayataingia. Kituoni utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na kituo chenyewe ndicho kinachopakia matokeo. Wewe unayaangalia kwa namba yako ya pasipoti. Ajenti hana nafasi yoyote katika mlolongo huo. Anayekwambia atakuletea ripoti bila wewe kutoa damu anakuuzia karatasi ya kughushi, na shule itaigundua kwa kuingiza tu namba ya pasipoti yako katika mfumo. Jambo jingine ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: matokeo ya kutofaa huonekana na nchi zote wanachama. Ukikataliwa kwa safari ya Saudia, usidhani utajaribu Qatar wiki ijayo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Umoja wa Falme za Kiarabu hukupima tena ukishafika, kabla ya kupewa ukaazi, hasa VVU na kifua kikuu. Wanaofanya kazi katika shule za watoto wadogo hupimwa pia homa ya ini aina ya B na kaswende. Kupita Mombasa hakukuhakikishii kupita Dubai, kwa hivyo usijiuzulu kazi ya hapa wala kuuza vyombo vya nyumbani kwa kutegemea ripoti ya kwanza.

China ina fomu maalumu ya uchunguzi wa afya wa mgeni. Inataka picha ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, na damu kwa VVU na kaswende. Ripoti hutumika kwa miezi 6. Kosa linaloturudishia watu wengi ni la muhuri: picha yako ibandikwe kwenye fomu kwanza, kisha muhuri wa hospitali ugongwe nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Muhuri ulio kando ya picha haukubaliki, kwa sababu picha hiyo ingeweza kubanduliwa na kuwekwa nyingine. Usiache kisanduku chochote wazi. Pasipo na ugonjwa daktari aandike hapana. Ukifika China utapelekwa kituo chao cha afya ya wasafiri ili ripoti ithibitishwe au upimwe upya.

Uingereza, kwa Mkenya anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6, inataka cheti cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa na wizara yao ya mambo ya ndani. Cheti cha hospitali nyingine, hata iwe kubwa namna gani, hakitapokewa. Hutumika kwa miezi 6. Kanada humtaka mwalimu wa shule ya msingi au sekondari apimwe na daktari aliye katika orodha yao, kwa kuwa atakuwa karibu na watoto. Matokeo yake hutumika kwa miezi 12. Marekani kwa kawaida haidai vipimo kwa viza ya muda ya kubadilishana walimu, lakini shule yenyewe au jimbo laweza kuuliza juu ya kifua kikuu kabla hujaingia darasani.

Pasipoti. Ripoti hufungwa kwa namba ya pasipoti, si kwa kitambulisho. Ukipimwa kwa pasipoti ya zamani kisha ukapata mpya, ripoti ile si yako tena machoni pa mfumo. Kama pasipoti yako inakaribia kuisha, ibadilishe kwanza. Majina yaandikwe kwa mpangilio ule ule na herufi zile zile: Pwani tuna akina Mohamed na Mohammed, tuna majina matatu na manne yenye bin na binti, na mhudumu wa mapokezi ataandika alivyosikia usipomwonyesha. Simama hapo, soma kila herufi kabla sindano haijaingia. Baada ya matokeo kupakiwa, kusahihisha huchukua siku na wakati mwingine hulazimu malipo mapya.

Sasa picha ya kifua, maana hapa ndipo walimu wengi huangukia. Msomaji wa picha anatafuta kifua kikuu, na kifua kikuu hupenda kukaa sehemu ya juu ya mapafu, karibu na mifupa ya bega. Sehemu hiyo hiyo ndiyo inayofunikwa na misuko mirefu ya nywele, pini za hijabu, mkufu na vifungo vya chuma. Pini moja huacha mstari mweupe, na msuko mnene hutupa kivuli kinachofanana na ugonjwa. Matokeo yanabaki "yanasubiri" na unaitwa upigwe tena. Funga nywele juu ya kichwa, vua vyote vya chuma, vaa gauni la hospitali. Mwanamke ana haki ya kuomba mpiga picha mwanamke. Omba wakati wa kuweka miadi, si ukiwa tayari ndani ya chumba. Ukiambiwa vuta pumzi, ivute hadi mwisho na uizuie, kwani mapafu yasiyojaa huonekana meusimeupe chini. Kama umetoka kuugua nimonia, subiri: kivuli chake chaweza kubaki kwa takriban wiki 6 hata kama homa imekwisha kabisa. Mjamzito aseme kabla ya picha. Kwa Uingereza atapewa njia nyingine, ama makohozi ama picha yenye kinga ya tumbo; kwa Ghuba, ujauzito wenyewe husimamisha safari.

Aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona anaweza kuwa na kovu. Kitabibu amepona. Uingereza na Kanada watachunguza zaidi na wanaweza kumkubali. Nchi za Ghuba huhesabu kovu la kifua kikuu kuwa sababu ya kumkataa, na barua ya daktari wa hapa haibadilishi hilo. Tunajua inauma, hasa kwa mtu aliyemeza dawa zake miezi 6 bila kukosa siku, lakini ni afadhali alijue hilo kabla hajalipa ajenti. Ndiyo sababu tunashauri mtu yeyote aliyewahi kuwa na kikohozi cha muda mrefu apige picha ya kawaida kwa gharama yake kabla ya kuingia mfumo wowote. Ikionekana dosari, vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

Ukiambiwa utoe makohozi, jipange kwa muda. Hutolewa asubuhi 3 mfululizo mbele ya mhudumu, kwa hivyo mtu wa Mombasa anayepimwa Nairobi aandae malazi. Sukutua kwa maji matupu, vuta pumzi nzito mara mbili tatu, kohoa kutoka kifuani. Mate hayafai. Kiasi kinachotakiwa ni kama kijiko kimoja cha chai. Kisha sampuli huoteshwa maabara, na jibu la mwisho laweza kuchukua hadi wiki 8. Hakuna wa kuliharakisha, na kupiga simu kila siku hakusaidii.

Damu nayo ina mitego yake. Usichanjwe homa ya ini aina ya B siku chache kabla ya kupimwa: chanjo yaweza kuonekana kwenye kipimo kana kwamba una virusi, kwa muda wa hadi siku 18. Chanja baada ya vipimo, au acha mwezi mzima upite. Aliyetibiwa kaswende akapona abebe kumbukumbu za matibabu, kwani aina moja ya kipimo, TPHA, huendelea kuonyesha alama maisha yote. Kinachoonyesha kwamba dawa zilifanya kazi ni kushuka kwa kiwango cha kipimo cha pili, RPR au VDRL. Ghuba hupima pia choo na mkojo. Minyoo na kichocho hutibika kwa dawa za siku chache, na mtu aliyekulia karibu na mabwawa ya Kwale afanye vipimo hivyo mapema. Presha ipimwe ukiwa umekaa dakika 5, mkono ukiwa wazi, si juu ya mkono wa buibui, na usiwe umetoka kutafuna muguka. Muguka na miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, na vyaweza kukutia matatani pale shule inapodai kipimo cha dawa za kulevya. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadol zitajwe kwa daktari na ziambatane na cheti.

Maji ya madafu, maziwa, mkaa na dawa za miti hazisafishi damu. Kipimo cha VVU hutafuta kingamwili, na hizo hazitoki kwa kunywa chochote. Wapo wanaoacha ARV wiki kadhaa kabla ya kupimwa wakidhani dawa ndizo zinazoonekana. Hazionekani. Kingamwili zitabaki pale pale, na virusi vitapanda bila sababu. Tafadhali msifanye hivyo. Uingereza haipimi VVU kwa viza. Kanada hupima, lakini kuwa na virusi si kukataliwa moja kwa moja. Huangaliwa gharama ya matibabu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU na UKIMWI inataka ridhaa yako, ushauri kabla na baada ya kipimo, na siri. Jibu hupewi kupitia ajenti, na hakuna mwajiri wa hapa anayeruhusiwa kukufuta kazi kwa sababu yake.

Kuhusu adhabu, tueleze wazi, kwani wengi huona ni jambo dogo. Kughushi hati, kwa kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu, ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 3. Kifungu cha 353 kinampa adhabu ile ile anayeitumia hati hiyo akijua ni ya uongo, kwa hivyo "ajenti ndiye aliyeitengeneza" si utetezi kama ulijua. Anayempeleka ndugu yake atoe damu kwa jina lake anaweza kushtakiwa pia, na ndugu naye. Uingereza yaweza kumfungia mdanganyifu miaka 10, Kanada miaka 5. Ajenti mwenyewe awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Orodha iko wazi mtandaoni. Hospitali na kliniki nazo zaweza kutafutwa katika daftari la Baraza la Madaktari.

Chanjo ya homa ya manjano hufanywa mara moja. Tangu Julai 11, 2016 kadi ya chanjo hiyo, yaani kadi ya njano, hutumika maisha yote, hata kama imeandikwa miaka 10, kwa hivyo usikubali kulipishwa chanjo ya kurudia kwa sababu hiyo. Lakini huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano; anayechanja Jumatatu na kuruka Ijumaa atazuiwa. Kwa wanaotoka Kenya, nchi kama Shelisheli na Thailand huidai. Ichukue kwa maafisa wa afya ya bandari au kituo kilichoidhinishwa, uhakikishe ina namba ya bechi, sahihi na muhuri. Mjamzito, mwenye kinga dhaifu, mwenye mzio mkali wa mayai na aliyevuka miaka 60 wazungumze na daktari kwanza. Akiona haifai, huandika msamaha ndani ya kadi hiyo hiyo.

Kuhusu mpangilio wa muda: tanguliza uchunguzi wa binafsi na pasipoti, kisha mkataba uliotiwa sahihi, kisha vipimo rasmi. Ripoti huhesabiwa tangu siku ya kupimwa, si siku uliyoichukua, na ya Ghuba ina muda mfupi ulioandikwa juu yake. Ukipimwa kabla ya mkataba, ripoti itaisha ukiwa bado unasubiri.

Ukikataliwa, omba kituo kikwambie ni kipimo kipi, uchukue nakala ya matokeo na picha yenyewe ya kifua katika diski, si maelezo ya mdomo. Kwa picha au damu yenye shaka, ulizia kipimo cha kuthibitisha kabla faili haijafungwa. Malalamiko yakija kwetu bila risiti, karatasi ya miadi na nakala ya ripoti hatuna pa kuanzia. Na siku ya safari, diski hiyo, ripoti halisi na kadi ya njano viwekwe kwenye mkoba wa mkononi, visiingizwe katika sanduku linalopakiwa ndegeni.