Uanachama wa klabu ya magari siyo bima

Desemba ikikaribia, watu wakianza kupanga safari za kijijini ama kupeleka watoto mbuga ya Murchison, swali linarudi: jamani, hii kujiunga na klabu ya magari, unalipa ada ya mwaka ili gari likilala njiani waje wakuokoe, inafaa ama ni kumwaga pesa? Na jibu la kwanza linalotoka ni lile lile kila mara, "si una bima wewe, unataka nini tena". Nimelisikia kwa madereva wa watalii, nimelisikia kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bima, na juzi tena akaambiwa mtu anayejiandaa kwenda mbuga ya Kidepo na watoto wadogo ndani ya gari. Hapo nikaona bora niandike, maana huyo ataenda kweli, na ataenda akiamini hivyo.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Klabu ya magari ni chama cha madereva, mnachanga ada ya mwaka, na mwanachama akikwama barabarani anapiga simu, klabu inatuma fundi au brekidauni, lile gari la kuvuta mengine. Betri imekufa wanakupa jampa, tairi imepata pancha wanabadilisha, mafuta yamekata wanakuletea ya kukufikisha petroli stesheni, funguo umefungia ndani wanafungua, ikishindikana kabisa wanalivuta hadi garaji. Pembeni kuna vitu kama ramani, punguzo la hoteli, leseni ya udereva ya kimataifa. Na siyo klabu ya rali. Hapa kwetu Uganda ukitaja mota klabu watu wanawaza Pearl of Africa Rally na magari yanaruka matuta kwenye vumbi, lakini hizo klabu ziko chini ya FMU, shirikisho la mchezo wa magari, na kazi yake ni mchezo, hawatakuja kukubadilishia tairi Luwero.

Sasa bima. Bima inalipa pesa baada ya hasara kutokea, na siyo hasara yoyote, ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Stika ya thirdi pati iliyo kwenye kioo chako, ambayo trafiki akikusimamisha anaiangalia kwanza, ilitokana na sheria ya 1989 na inamhusu mtu uliyemgonga, akiumia au akifa. Wewe haikuhusu. Gari lako haliko humo kabisa, hata kioo cha pembeni hakimo. Komprehensivu ndiyo inagusa gari lako, likigongwa, likipinduka, likiibiwa, likiungua, na hapo watu wanapumua wanasema basi nimemaliza. Lakini isome vizuri utakuta karibu zote zinatoa nje kitu kimoja, gari kuharibika lenyewe. Feni belti ikikatika ukikaribia Karuma, gia boksi ikigoma kwenye milima ya Kabale, rejeta ikipasuka Lwera saa nane mchana, hapo hakuna ajali, na kama hakuna ajali hakuna kitu cha kudai. Bima yako iko hai, umelipa kila kitu, stika inang'aa, na bado hakuna mtu anayekuja, na hawajakudanganya, wewe umeomba kitu ambacho hukununua.

Kuna komprehensivu zinazoweka kuvutwa ndani, ni kweli, lakini mara nyingi ni kuvutwa baada ya ajali, kwa kiwango fulani cha pesa, na mara nyingi unalipa kwanza mwenyewe, unatunza risiti, unadai baadaye. Hiyo nayo ni bima ikifanya kazi ya bima. Inarudisha pesa. Haileti mtu.

Watu wa Kigezi na Ankole hawapaswi kusumbuliwa na hili hata dakika moja kwa sababu wana engozi. Zile klabu za machela, kila nyumba inachangia na kila nyumba inatoa mabega, mgonjwa akizidiwa usiku kule juu mlimani ambako gari halifiki, wanachama wanaamka, wanambeba kwa zamu mpaka barabarani au mpaka hospitali. Hakuna anayeuliza engozi ilipe bili ya daktari, na hakuna anayeuliza bima ya afya ije na mabega. Kila moja na kazi yake. Klabu ya magari ni engozi ya gari, basi, na mtu akishaelewa hivyo hawezi tena kusema "si una bima".

Mkanganyiko huu una sababu, siwezi kulaumu watu tu. Hizi klabu ni za zamani kuliko watu wanavyofikiri na hazikuanza na brekidauni. Ya Ufaransa ilianza 1895, ya watu wenye pesa zao waliopenda gari kama mchezo. AAA ya Marekani iliundwa Chicago 1902 kwa kuunganisha klabu tisa, na shida yao kubwa wakati huo ilikuwa barabara mbovu na sheria zilizobadilika kila ukivuka jimbo. Lakini ninayoipenda zaidi ni AA ya Uingereza, 1905. Ile ilianzishwa ili kuwaonya madereva kwamba mbele kuna polisi wamejificha wanapima spidi! Mwendo halali ulikuwa maili 20 kwa saa, polisi wanakaa kwenye vichaka na saa mkononi, basi klabu ikaajiri vijana wa baiskeli wazunguke barabarani kuwatahadharisha wanachama. Mahakama ilipokuja kusema kwamba kumwonya dereva hivyo ni kuzuia polisi wasifanye kazi, klabu ikageuza mambo: kijana wa baiskeli atampigia mwanachama saluti kila akimwona, na siku asipopiga saluti, mwanachama asimame amuulize kuna nini. Nani atamshtaki mtu kwa kutopiga saluti? Kila dereva wa njia ya Masaka anayewasha taa kumwonya mwenzake kwamba trafiki wako kwenye kona inayofuata anafanya kazi ile ile na hajui, tena bila ada.

Huku kwetu ilifika mapema, 1919, kama Royal East African Automobile Association, makao yake Nairobi, ndiyo leo tunaiita AA ya Kenya. Na ile rali kubwa ya Coronation Safari ya 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo kwa wazee wetu magari, klabu na mashindano vilikuwa kitu kimoja. Kwa vijana waliosoma ng'ambo ya Busia, AA ni mahali pa kujifunza gari na kupata leseni. Picha ya mtu anayekuja kukuokoa usiku haikuwahi kukaa vizuri kichwani mwa watu hapa, na siyo kosa lao.

Halafu kuna hili ambalo ndilo limeharibu kabisa: klabu kubwa za nje zinauza bima pia. AAA wanauza, AA ya Uingereza wanauza, nembo moja, ofisi moja, dada yule yule kwenye kaunta. Ndugu yako akikuandikia kutoka Waltham, Marekani, kwamba "nina AAA" huwezi kujua ana bima yao au ana ule uanachama wa kuokolewa, na wengine wana vyote viwili wakidhani ni karatasi moja. Ni karatasi mbili, ada mbili, na ukiacha kulipa moja nyingine haikufunikii pengo. Tena AA yenyewe ya Uingereza siyo klabu tena kwa maana ya zamani, wanachama waliiuza 1999 kwa Centrica, kampuni ya gesi, kwa pauni bilioni 1.1, siku hizi wanaoitwa wanachama ni wateja. ADAC ya Ujerumani bado ni chama, kina wanachama zaidi ya milioni 20 na mpaka helikopta za uokoaji za rangi ya njano. Ukiona huduma ya hapa Kampala inajiita klabu, uliza tu ni chama au ni biashara, si vibaya ikiwa biashara, ila ujue ni nani utamlalamikia.

Kitu kingine wanachochanganya: yelo kadi ya COMESA. (Siyo ile ya homa ya manjano wanayoiangalia Entebbe, hiyo nyingine.) Ukivuka Malaba na gari lako, yelo kadi inaipeleka thirdi pati yako upande wa pili, ukimgonga mtu Eldoret atalipwa kama vile una bima ya Kenya. Ni kitu kizuri sana na madereva wa trela wanaijua ndani nje. Lakini ni thirdi pati ile ile imepewa pasipoti, gari likikufia Eldoret yelo kadi haina namba ya brekidauni.

Sasa turudi kwa swali, inafaa ama haifai. Kwanza tuache kuipima kwa "mwaka mzima sijaitumia". Kinachonunuliwa ni mtu wa kufika, kwa hiyo kipimo ni umbali na muda, atafika wapi na baada ya saa ngapi. AAA kwa mfano daraja la chini wanakuvuta maili chache tu, kwenye maeneo mengi hazifiki kumi, daraja la Plus maili 100, na simu za kuomba msaada ni nne kwa mwaka. Maili 100 ni kilomita 160. Weka kwenye barabara yetu: toka Kampala umepita Masaka lakini Lyantonde hujaiona, na mwenye kwenda Kisoro bado hajafika nusu ya safari. AA ya Uingereza kwenye kifurushi cha kawaida hawaji kabisa kama gari limekataa kuwaka nyumbani au ndani ya robo maili kutoka nyumbani, lazima uongeze pesa. Kwa hiyo hata kule ambako huduma imekomaa, neno "mwanachama" peke yake halikuambii kitu, kifungu cha umbali ndicho kinakuambia.

Kwa maoni yangu mtu anayezunguka Kampala, Entebbe, Mukono, haimfai sana. Hapa fundi yuko kila kona, unapigia makanika wako anakuja na boda na spana zake, spea anaifuata soko la Kisekka, jioni uko nyumbani. Mwenye gari la kukodi asome mkataba kwanza, kampuni nyingi za kukodisha zina watu wao wa kuokoa na hazitaki kabisa umwite mwingine aguse gari lao. Ila anayeendesha Prado ya mwaka 1998 kwenda Karamoja na familia, huyo nitamwambia aitafute, kwa sharti moja, wamwonyeshe kwa maandishi kwamba wanafika Kotido au Kaabong na brekidauni yao inatoka wapi. Kidepo ni zaidi ya kilomita 500 toka Kampala, brekidauni ikitoka Kampala inatembea kutwa kabla haijakuona, bora huduma yenye mtu Kitgum hata kama ina ada kubwa zaidi. Na tukumbuke Mei 2023, mafuriko yalipokata barabara ya Masaka pale daraja la Katonga, magari yakapelekwa kuzunguka Mpigi, Kanoni, Sembabule, gari ndogo za lami zikajikuta kwenye murami, barabara ya udongo, bila kupanga. Hapo ndipo mtu anagundua huduma yake inasema "barabara kuu tu".

Wa mwisho ni anayetaka kuvuka Afrika na gari lake mwenyewe, mpaka Misri labda. Huyo hana cha kuchagua, anahitaji karne (carnet), ile hati ya forodha inayodhamini kwamba gari litatoka nchini na halitauzwa humo, na wanaoitoa ni hizi klabu za magari. Bima haitoi karne, hata ulipe vipi.

Na kwa wazazi wanaokwenda kutembelea watoto Marekani, kuna jambo dogo ambalo limewatesa wengi. Uanachama wa AAA unafuata mtu, haufuati gari. Mtoto wako akiwa mwanachama na akakuachia gari uende kanisani, likikuzimikia njiani wewe siyo mwanachama, hata kadi yake ikiwa kwenye dashibodi, lazima mwenye kadi awepo pale. Anaweza kukuongeza kwenye uanachama wake kwa ada ndogo kuliko kujiunga upya, mwambie mapema kabla hujapanda ndege.

Kwa hiyo rafiki yetu wa Kidepo, bima yako ni nzuri, iache hivyo hivyo, na aliyekuambia inatosha hakuwa na nia mbaya. Mpigie ajenti wako leo umuulize swali moja tu, gia boksi ikigoma Kotido na hakuna ajali, nani anakuja. Akikaa kimya kidogo ndipo uanze kuulizia klabu.