IMEI yako ikikubali hesabu haimaanishi simu ni orijino

Ndugu zetu wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, maswali ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) yamekuwa mengi, hasa kwa wanaonunua simu zilizotumika kule Mwanjelwa na Tunduma, kwa hiyo naomba tuelewane.

Ukibonyeza *#06# zinakuja tarakimu 15 (simu ya laini mbili inaleta namba mbili, ni kawaida). Nane za mwanzo zinataja aina ya simu, sita zinazofuata ni za simu yako wewe, ndo maana kundi moja la zile nane linatosha simu milioni 1 tu, modeli ikiuza zaidi inaongezewa kundi jingine. Ya 15 haipangwi na mtu, inatoka kwenye hesabu aliyobuni Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950.

Chukua namba ya mfano 490154203237518. Weka pembeni ile 8 ya mwisho, anzia kulia, tarakimu moja zidisha mara mbili, inayofuata iache, hivyohivyo mpaka mwanzo, na jibu likizidi 9 jumlisha tarakimu zake, yaani 7 inakuwa 14, halafu 1 na 4 ni 5. Jumlisha zote, pamoja na zile ulizoziacha, unapata 52. Kufika kumi kamili inayofuata, yaani 60, inadai 8, na ndo hiyo tuliyoweka pembeni. Kuzidisha kuna sababu, ukijumlisha tu basi aliyeandika 37 na aliyekosea akaandika 73 wanapata jumla ileile na kosa halionekani. Kwa njia hii kosa la tarakimu moja linakamatwa lazima, na kugeuza mbili zilizopakana kunakamatwa pia isipokuwa 09 na 90.

Sasa hapa ndo watu wanapopotea. Hesabu inakamata aliyekosea kuandika, haikamati mwizi. Tunga tarakimu 15 kiholela, kwenye kila kumi moja hivi itakubali, na anayenakili IMEI ya simu halali ananakili mpaka hiyo ya 15. Halafu ile meseji kwamba ya 7 na ya 8 zikiwa 13 simu imetoka Azerbaijan na ina madhara kiafya, jamani, HAPANA. Zamani nafasi hizo zilionyesha kiwanda, utaratibu ukafutwa 2004, tusiendelee kuwasumbua wenye maduka.

Kabla hujalipa tuma IMEI kwenda 15090, subiri jibu, linganisha aina na modeli na simu uliyoshika, zikitofautiana usilipe. Ukiibiwa anza polisi, chukua RB (namba ya taarifa uliyoandikisha polisi), ndipo uende kwa mtoa huduma wa laini yako na RB, kitambulisho na IMEI simu ifungiwe, kwa hiyo namba iandike kwenye daftari nyumbani, sio ndani ya simu hiyohiyo. Na fundi akisema anakuwekea IMEI nyingine inayokubali, kubadili IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kuna faini na kuna kifungo, hata kama hesabu yake imekubali.